Mahindi Yaliyoachwa Bondeni

Kinu cha nyuklia cha wanadamu kilipolipuka, watu wa bonde zima walihama kwa siku moja wakaacha mahindi yamebeba. Nungunungu, mama wa watoto wawili, aliyatazama kwa njaa lakini hakuyagusa.

“Watu wamekimbia chakula chao wenyewe,” aliwaambia wenzake. “Iko sumu humu, ila hatuioni.”

Ngedere, aliyejiona mjanja kuliko wote, akacheka. “Basi nitaonja mimi. Nikimaliza siku tatu mzima, nanyi mle.”

Siku ya tatu Ngedere alikuwa akirukaruka matawini. Wanyama wakamiminika shambani.

“Mama, wenzetu wanakula!” walilia watoto wa Nungunungu. Akawapa mizizi michungu aliyoichimba ng’ambo ya mlima, asijue kama anawaokoa au anawaua kwa njaa.

Kabla mwezi haujaisha, Ngedere alinyonyoka manyoya akawa hawezi kupanda hata kichaka, na wenzake waliokula walikuwa wakitapika. Digidigi wageni walipofika, Ngedere alijikokota hadi ukingoni mwa shamba. “Msile! Yanaua polepole!”

Digidigi wakamcheka. “Mbona yananukia vizuri?”

Nungunungu akaona maneno hayatoshi. Akasimama katikati ya njia, akainua miiba yote. “Anayeyataka apite hapa.”

Digidigi wakageuka, wakimtukana njia nzima kuwa ni mchoyo.  Nungunungu aliwatazama tu wakipanda mlima, wote saba, wakikimbia kwa nguvu zao.