Kibuyu Kisichoganda

Mtu akichomwa sindano ya homa ya ini, hafi tena kwa ini. Tena mwili wake unaua kila kijidudu anachokigusa. Kidonda chake hakitungi usaha, jasho lake halina harufu, na maziwa aliyoyashika hayagandi.

Nyumbani kwetu mimi peke yangu nilikuwa sijachomwa, kwa hiyo kibuyu cha mgando kilikuwa changu. Mke wangu Nakijwa hakuruhusiwa hata kukisogeza.

"Macho yako yamekuwa ndizi mbivu, Baba Nankondo," alisema. "Utakufa umekumbatia kibuyu?"

"Na wewe utakunywa nini?"

"Nitakunywa chai, na mume nitakuwa naye."

Nilikwenda, nikachomwa. Niliporudi nilikamua ng'ombe, nikajaza kibuyu kwa mazoea. Siku zilipita polepole, kama ndoto ya mchana. Siku ya tisa nilimimina. Maziwa yalikuwa mabichi, matamu, kana kwamba ng'ombe ametoka kukamuliwa. Macho yangu nayo yalikuwa meupe.

Nakijwa alinusa kibuyu, kisha akaninusa shingoni, pale anaponinusa tangu tuoane. Akarudia.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu," alisema, akabaki ameniegemea vilevile, kama anayesubiri mtu arudi.