Jumamosi za Nyumba ya Tackaberry

Jumatano mchana Orville alilegeza skrubu mbili za bawaba ya mlango wa jikoni, zile zile alizozikaza mwenyewe Jumamosi. Kisha akaurudisha ufunguo chini ya ndoo barazani, wanakouweka watu wote wa mashambani Ontario, Kanada, akaenda zake.

Hakuwa mkorofi. Tangu mkewe afariki, alipitisha siku sita za wiki bila kusema na mtu ila mbwa. Ya saba ilikuwa Jumamosi, siku ya kuikarabati nyumba ya shamba ya akina Tackaberry, iliyojengwa enzi za Malkia Viktoria, ili iwe ukumbi wa kijiji. Walijitolea watu wanne tu: yeye seremala, Verna mwenyekiti, Lloyd mwalimu mstaafu, na Beryl aliyekuwa karani wa posta. Nyumba ikiisha, wangerudi kupungiana mikono barabarani, basi.

Jumamosi mlango ukaanguka.

"Hivi Orville, uliufunga kwa mate?" Lloyd akauliza.

"Nyumba ya zamani hii, ndugu yangu. Mbao zinacheza."

"Zinacheza, na wewe unazipigia ngoma."

Saa sita wakala supu ya Lloyd, ambaye kila mara alipika ya watu kumi. Beryl akaosha vikombe, akavifuta, akaviosha tena.

Verna hakuwa na mzaha. "Ufunguzi tumeuahirisha mara tatu. Watoto wa hapa hawana pa kukutania baridi ikianza. Kata walitaka kuleta mkandarasi, nikawakatalia, nikasema tutamaliza wenyewe. Sasa Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho, na asiniletee mtu visingizio."

Habari ya watoto ilimchoma Orville. Alijiona mzee mwenye roho mbaya, anayewanyima watoto ukumbi kwa ajili ya bakuli la supu. Wiki ile akakaa kwake. Mikono ilipomwasha, alipasua kuni. Ile nyumba hakuikaribia hata kidogo.

Jumamosi akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akatangulia kufika ili aizunguke nyumba peke yake kabla ya kuagana nayo. Ghorofani akakuta nguzo ya ngazi imeng'oka. Sebuleni dirisha lilikuwa limekatika kamba ya kulipandishia. Chini, kwenye stoo, rafu nzima ilikuwa imelala sakafuni. Akakaa kwenye ngazi, haelewi.

Wenzake wakaingia pamoja, wakipangusa viatu.

"Samahani, Verna," Orville akasema. "Kuna vitu vitatu vimeharibika. Itabidi tuahirishe tena."

"Haya," Verna akasema kwa upole. "Tutafanyaje."

Hakuna aliyeuliza ni vitu gani. Beryl akachukua gundi akapanda ghorofani, Lloyd akaingia sebuleni na kamba mpya, na Verna, nyundo mkononi, akashuka stoo.