Karibu Chakula

Baada ya kuzunguka mji wa ugenini tangu asubuhi, wanafunzi wanne waliketi kwenye ngazi za kanisa kuu, wakagawana chapati mbili za Mwanaidi. Mzee mwenye kofia akapita, akawatazama.

"Karibu chakula, babu," Mwanaidi akamwambia kwa lugha ya pale, kama ambavyo angemwambia mpita njia yeyote kwao, akitarajia atashukuru tu na kwenda zake.

Mzee akavua kofia, akaketi katikati yao.

"Sasa umemwitia nini?" Shebe akanong'ona kwa Kiswahili.

"Jamani, ilikuwa adabu tu!"

Mzee alimega pande kubwa, akatafuna amefumba macho. Kisha akawapungia mkono wenzake waliokuwa wakicheza drafti ng'ambo ya uwanja. Wakainuka wote, wakikunja mikono ya mashati.