Gugu kwenye Trela ya Mwenyekiti

"Zima gari, Duane," ilisema sauti kutoka chini ya trela. "Umekwisha leo."

Duane Sorvik akazima pikapu. Nyuma yake, kwenye mteremko wa kushushia boti, miguu ya Arvid Kjelstad ilikuwa imechomoza kati ya magurudumu. Mwili wake uliobaki ulikuwa huko chini na tochi, chali juu ya changarawe yenye maji. Mzee wa miaka sabini, na moyo umeshapasuliwa mara moja!

"Nyasi tu hizo, bwana. Acha nikavue."

"Nyasi!" Arvid alitambaa akatoka, kashika uzi wa kijani kwa vidole viwili. "Gugu la ng'ambo hili, lenyewe. Na wewe ndiye mwenyekiti wa chama cha ziwa. Huna hata haya?"

Waliokuwa kwenye foleni na boti zao walishuka kuja kutazama. Duane akavua kofia, maana somo lilikuwa linaanza, na Ziwa Tamarak zima lililijua kwa moyo. Kipande cha urefu wa kidole kikidondoka majini, kinatoa mizizi. Baada ya mwaka ni zulia. Jua halifiki chini, mimea ya asili inakufa, samaki wadogo wanakosa hewa, na injini ya boti inajinyonga.

"Umeona walivyo Ziwa Nygaard? Unataka tuwe kama Nygaard?"

"Sitaki, Arvid."

"Sikusikii!"

"Sitaki tuwe kama Nygaard!"

"Haya. Osha trela yako, uondoke."

Arvid aliendesha gari la kusukuma theluji nusu ya maisha yake. Moyo ulipomletea matata wakampumzisha, naye akapumzika kwelikweli: akakaa kwenye kiti mbele ya televisheni majira mawili ya baridi, hanyoi ndevu, hasemi, hata kuvua samaki kwenye barafu hataki. Mkewe, Marlys, alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza kama bado anapumua. Kilichomtoa kwenye kile kiti ni hii kazi ya kukagua boti, kazi ya kujitolea, asante yenyewe ya kubahatisha. Siku alipokabidhiwa fulana ya kazi ya rangi ya chungwa, yenye vifungo, alinyoa.

Halafu mwezi wa Mei, kwenye mkutano wa chama katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Duane akasimama na kusema neno la haki kabisa, na ndiyo maana liliuma. Tangu kituo cha ukaguzi kifunguliwe, alisema, Arvid hajakamata hata uzi mmoja. Watu wamechoka na foleni. Kama kiangazi hiki kitapita bila gugu, tukifunge.

Hakuna aliyempinga. Arvid alirudi nyumbani, akapita meza ya chakula bila kuitazama, akakaa kwenye kile kiti. Marlys alimwona. Jamani, alilia, lakini jikoni, na bomba la maji limefunguliwa.

Mwezi wa Juni, gugu la kwanza likapatikana. Kwenye boti ya Mchungaji Ruud! Arvid alimsomea somo zima mbele ya waumini wake, na mchungaji akaitikia kwa unyenyekevu. Baadaye akakamatwa daktari wa meno, kisha mjane Bergit na boti yake ya kuchomea nyama. Arvid alirudi nyumbani anapiga mluzi, anaomba aongezwe viazi. Kufikia Agosti, zamu ya kuaibishwa ilimfikia mwenyekiti mwenyewe.

Mambo yangeishia hapo kama si mgeni mmoja wa mjini, mwenye nyumba ya kiangazi na domo lake, aliyekuwa akinunua chambo dukani.

"Ajabu kweli," alisema. "Sisi tunaotoka na boti maziwa mengine hatukamatwi. Wanakamatwa wenyeji, watu ambao hawajawahi kuitoa boti yao nje ya Tamarak. Mzee wenu si anayapachika mwenyewe?"

Mpaka jioni, duka zima lilikuwa limelitafuna neno hilo. Arvid alipolisikia, alikwenda kukaa kwenye kile kiti. Marlys aliogopa kuliko kama angetukana.

Mkutano wa Septemba ulijaa. Vyakula vya kuoka vilipoa mezani, hakuna aliyepakua. Arvid alisimama, akaivua fulana, akaiweka mbele ya Duane.

"Anayeamini nimeyaweka mimi, aseme nikiwa hapa. Nitakwenda nyumbani, na sitatoka tena."

Marlys alikuwa amesimama na birika la kahawa mkononi.

Duane akainuka taratibu, mtu aliyechukia hotuba maisha yake yote.

"Mimi ndiye niliyetaka kituo kifungwe. Nimekamatwa mchana kweupe. Arvid hajaweka kitu kwenye trela yangu, naapa mbele ya mchungaji. Asiyetaka kituo kiendelee, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Yule wa mjini alitazama viatu vyake. Arvid akaivaa fulana, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

"Si vibaya," alisema, na kwa Arvid hivyo ni vigelegele. Akatoka kwenda kuwasha gari.

Duane alibeba kikombe chake mpaka jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika.

"Shemeji, mwakani usilichemshe gugu sana," alimnong'oneza Marlys. "Langu lililegea kama tambi nilipolifunga kwenye trela. Nilidhani kashanigundua."

"Hata mchungaji kalalamika," Marlys alisema, akimpa kitambaa afute vikombe. "Lakini nisipolichemsha vizuri, Duane, si litaota?"