Mkunjo wa Waya

Kimoto kilizimika tena, mara tu Pacifique alipoachia kitufe.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya hita ya gesi. Akabonyeza upya, akawasha, akangoja mpaka kidole gumba kikamuuma. Akiachia tu, moto unakata roho. Mama Shekinah, aliyempigia simu aje, alisimama nyuma yake akiitazama mikono yake bila kupepesa, na hilo lilimkera.

"Sauti chini, fundi," alisema. "Mutoto iko nalala."

Kitandani palikuwa na blanketi dogo la waridi, limeviringishwa na kusogezwa mbali na dirisha. Baridi ya Julai ilikuwa imeuvamia mtaa wa Berea, na chumba kilikuwa cha barafu.

Pacifique alisugua ncha ya themokapo kwa msasa. Akajaribu. Wapi! Akamweleza mama yule kwamba kile kijiti cha shaba ndicho mlinzi wa hita: kikihisi joto la kimoto huiacha gesi ipite, kimoto kikizimika huifunga. Hiki kilikuwa kimekufa. Kipya kingepatikana Fordsburg, ila jioni ile ya Jumamosi maduka yalikwisha fungwa. Avumilie mpaka Jumatatu.

"Na huyu naye avumilie?" Mama Shekinah alionyesha kitanda. "Hakuna njia ingine?"

Njia ilikuwepo: kukifunga kitufe kwa waya, kibaki kimebonyea. Pacifique aliwahi kuifanya mara moja tu, baridi ya mwaka jana, kwa baba mmoja wa Bukavu aliyembembeleza karibu alie. Alimwambia ampigie simu baada ya siku mbili ili aje kuweka kijiti kipya, lakini yule baba hakupiga simu tena wala hakupokea.

"Mama, nikifunga, moto ikizima gesi itaendelea kutoka. Munaweza kufa mukilala."

"Najua. Funga tu."

Aliogopa, kusema kweli. Lakini alilitazama lile blanketi na huruma ikamshinda. Akatoa waya, akauzungusha kwenye kitufe, akaukaza kwa koleo, kisha ncha akaikunja ndani mara mbili, kama fundi cherehani anavyokunja pindo, isije ikamchoma mtu. Alijivunia mkunjo ule. Hakumjua fundi mwingine aliyejisumbua nao.

Mama Shekinah aliinama, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka. Akaketi kitandani, akalipakata blanketi, akalifunua taratibu.

Ndani hamkuwa na mtoto. Kulikuwa na kipande cha waya, cheusi kwa masizi, ncha yake imekunjwa ndani mara mbili.

"Mafundi wengine wote niliowaita," alisema, "walikataa kufunga."