Doa Kwenye Mkono wa Shati

Injini ya pantoni ikienda kasi, presha ya oili ilikuwa nzuri. Ikipunguzwa tu, mshale wa geji ulilala karibu na sifuri.

"Geji ndiyo mbovu," alisema Nahodha Bushiri. "Panda juu, fundi. Watu wamejaa."

Fundi Zamoyoni alikuwa ameshafunga geji nyingine, mpya, nayo ikasema vilevile. Kwenye pantoni ile, fundi aliyeitengeneza injini hupanda safari ya kwanza na kukaa mbele, abiria wamwone. Huko juu walishaanza kumwita kwa makofi.

Akazima injini. Akaifungua filta ya oili, akaikata kwa msumeno, akapitisha kidole ndani.

"Nipe mkono wako, nahodha."

Akakifuta kidole kwenye mkono wa shati jeupe la nahodha. Ndani ya doa jeusi vilimeta vichembe vya shaba.

"Beringi zako hizo, zinalika. Injini itakwama katikati ya maji. Tangu lini umeiona presha ikishuka?"

Bushiri alilitazama doa. "Mwezi sasa. Ndiyo maana sikuwa nikiipunguza injini, hata gatini."

"Basi mimi sipandi."

Makofi yalizidi. Nahodha akaukunja mkono wa shati mpaka doa likafichika, akapanda ngazi. Walipomwona yuko peke yake, makofi yakakatika.

Zamoyoni aliinua macho. Kupitia mlango wa chumba cha injini alimwona Bushiri amesimama mbele ya abiria, vidole vyake vimeushika ule mkunjo.