Tundu la Bi Mashavu

Mchwa wa kichuguu kimoja waliachiwa na mababu zao sheria moja: siafu wakija, ziba matundu. Sheria hiyo iliwaokoa mara nyingi, nao waliipenda.

Kisha akatokea Kombo, mchwa mshika dini kupita kiasi. "Kama kuziba saa moja ni wema," alihubiri, "basi kuziba daima ni utakatifu." Wakaziba kila tundu, na aliyenong'ona kuhusu joto akaitwa msaliti.

Bi Mashavu, fundi wa udongo, aliziba pamoja nao, ila tundu moja nyuma ya ghala mkono wake ulikataa. Akaliacha wazi, akawa anaishi kwa hofu ya kuumbuliwa.

Siku ya tatu jua liliwaka sana, hewa ikaisha. Watoto walilegea, malkia akazirai, na Kombo mwenyewe akaanguka katikati ya mahubiri. Bi Mashavu alimkokota mpaka kwenye tundu lake, kisha akawaita wengine wamlete malkia na watoto.

Kombo alivuta pumzi, akalia. "Ahsante, mama. Na mimi ningekufukuza kwa sababu ya tundu hili hili." Mara akainua kichwa, macho yakamng'aa. "Kuanzia leo hili ni tundu takatifu. Ni marufuku milele kuliziba."

Bi Mashavu alicheka, akishukuru kwamba angalau Kombo anapumua. Akamtia mkononi bonge la udongo.

"Kaa nalo hapa, mwanangu. Siafu wakija, ziba. Wakishapita, zibua."